Spika za nyumbani zinachosha masikio kwa sababu zimetengenezwa kushinda dukani

Wakuu, naleta malalamiko haya kwa uchungu. Nilinunua spika za sebuleni ambazo dukani zilinivutia kuliko zote zilizopangwa pale, lakini kila nikiziwasha nyumbani hamu ya muziki inaniisha mapema: naanza kwa kupunguza sauti, kisha najikuta nimezima kabisa, ilhali nyimbo ni zile zile ninazozipenda. Muuzaji nilipomrudia alinijibu kwamba masikio yangu bado hayajazoea. Jibu hilo silikubali, kwa sababu uchovu huu una vyanzo vinavyojulikana, na vingi kati yake vimo ndani ya spika zenyewe.

Sikio la binadamu halisikii masafa yote, yaani sauti kuanzia nene hadi nyembamba, kwa usawa. Vipimo ambavyo watafiti wa Marekani Harvey Fletcher na Wilden Munson walivichapisha mwaka 1933 vilionyesha hivyo waziwazi, na leo inafahamika kuwa wepesi wetu mkubwa wa kusikia uko takriban kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na Hz 5,000, mahali palipo na makali ya tarumbeta na sehemu kubwa ya konsonanti zinazotuwezesha kutofautisha maneno. Mtengenezaji akiongeza desibeli chache tu katika eneo hilo, spika yake itasikika kana kwamba inafichua mambo ambayo nyingine zinayaficha. Akiivimbisha na besi kidogo, kasha dogo litaonekana kuwa na kifua kipana. Mnunuzi anayelinganisha spika kwa dakika chache ataichagua hiyo, hasa ikiwa inapigwa kwa sauti kubwa kidogo kuliko jirani zake, maana sikio hudhani kuwa kilicho kikubwa zaidi ndicho bora zaidi. Lakini nyumbani nyongeza ile ile inabandikwa juu ya kila wimbo, saa nzima, mpaka kila herufi ya "s" inayotoka kinywani mwa mwimbaji inachoma.

Kuna kasoro nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ndiyo inayonikasirisha zaidi. Chumbani hatusikii tu sauti inayotujia moja kwa moja kutoka kwenye spika, bali pia ile iliyokwenda pembeni ikagonga kuta na dari na kuturudia. Koni kubwa ya wufa, ile spika ya besi, kadiri masafa yanavyopanda, huelekeza sauti mbele tu, kisha twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inapopokea zamu huitawanya tena kila upande. Makabidhiano hayo yakifanywa ovyo, kuta hupokea sauti nyingi kupita kiasi katika eneo lile lile ambalo sikio ni jepesi mno, na spika itakuwa kali hata kama imepimwa kwa mbele ikaonekana nzuri. Haya si mafumbo. Floyd Toole, akiwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alichapisha katikati ya miaka ya 1980 majaribio ambamo wasikilizaji hawakujua wanasikiliza spika ipi, na walizipendelea zile zinazotoa masafa yote kwa usawa kwa mbele, na ambazo sauti yake ya pembeni hubadilika taratibu bila kuruka. Tangu mwaka 2013 kuna hata kiwango cha Marekani, CEA-2034, kinachoeleza jinsi ya kuipima spika kuizunguka pande zote. Ujuzi upo, ila haumfikii mnunuzi wa kawaida.

Badala yake, kwenye boksi tunaandikiwa maelfu ya wati za "PMPO", yaani nguvu ya juu kabisa inayodaiwa kutoka kwa kitambo kifupi tu, kipimo kisicho na kanuni yoyote ya pamoja, huku amplifaya iliyomo ikiwa dhaifu kiasi kwamba ukiongeza sauti inakata vilele vya mawimbi na kuzaa milio ambayo haikuwemo katika muziki.

Najua nitaambiwa kuwa tatizo ni chumba. Ni kweli kwa besi: kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 4 hujenga wimbi lililosimama, yaani sauti inayorudi na kurudi kati ya kuta hizo ikajiongezea nguvu, karibu na Hz 43, nalo litanguruma hata ukiwa na spika bora kabisa. Sakafu tupu na vioo navyo huongeza ukali, kwa hiyo mapazia na zulia vinasaidia. Hata hivyo, zulia haliwezi kurekebisha twita iliyopandishwa kwa makusudi kiwandani.

Wanaokamilisha rekodi nao wana lao, kwani tangu miaka ya 1990 albamu nyingi zimebanwa hadi sehemu za upole zikalingana na za kishindo, na sikio halipati pa kupumzikia. Spika yenye ukali ikipewa rekodi ya namna hiyo, uchovu unakuwa maradufu.

Ninachodai ni mambo mawili. Kila mtengenezaji achapishe grafu kamili ya sauti ya spika yake katika masafa yote, ya mbele na ya pembeni, mahali ambapo mnunuzi ataiona kabla ya kulipa. Na kila muuzaji amruhusu mteja kuichukua spika, kuisikiliza nyumbani kwake jioni nzima, na kuirudisha bila kukatwa fedha iwapo itamchosha.