Madumu ya lita 20 yanapasuka kitako, uzito uko sawa. Nianzie wapi?

Mpulizaji wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nina mashine moja ya kupuliza madumu. Nanunua chenga za madumu ya mafuta yaliyosagwa, nachanganya na punje mpya za plastiki kidogo. Kila dumu linapita kwenye mzani, gramu 900 hadi 920, sijawahi kuiba hata gramu. Sasa mteja wa Njombe amenirudishia 31, yote yamepasuka kitako, kwenye mshono. Anasema likiwa limejaa, likidondoka tu kwenye keria ya baiskeli linapasuka kama chungu. Huku Dar silalamikiwi. Muuza chenga anaapa ni HDPE tupu, ile plastiki ngumu ya madumu, kila kipande namba 2, ile alama ya aina ya plastiki inayogongwa kitako. Nimepandisha joto kutoka 180 hadi 200, wapi. Maabara sina.

Fundi moldi
Mkuu, kata kitako kwa msumeno utazame mshono kwa ndani. Ukiona kamfereji, plastiki haikushikana. Angalia na kingo za kubania za moldi, huenda zimelika.

Mama Punje
Kaka, pole. Moldi itazame, ila hilo neno Njombe ndilo limenishtua. Nimepima malighafi miaka 9 kwenye kiwanda cha mabomba, na mtu akinitajia baridi nafikiria PP, plastiki ya aina nyingine: vizibo, ndoo za rangi, viroba vya sandarusi. PP ya kawaida ikikaribia nyuzi 0 inakuwa biskuti, wakati HDPE hata kwenye friza inapinda. Halafu hizo mbili hazipatani. Zinayeyuka pamoja, zikipoa kila moja inajitenga, na pa kuachiana ni hapo kwenye mshono.

Maji matupu hayatakuonyesha kitu, zote zinaelea. Tia maji kwenye glasi, tumbukiza kipande cha dumu la punje mpya tupu na kipande cha PP unayoijua. Ongeza spiriti kidogo kidogo huku unakoroga mpaka HDPE izame na PP ibaki juu. Kwangu huwa inafika karibu nusu kwa nusu. Hapo sasa mwaga chenga za muuzaji wako. Zisugue kwanza kwa sabuni, kiputo kimoja cha hewa kinakudanganya. Na jiko liwe mbali!

Hiyo namba 2 nayo isikulevye. Beseni na dumu vyote vinaweza kuwa namba 2. Sisi tulikuwa tunayeyusha kwa nyuzi 190, tunasukuma kwa uzito wa kilo 2.16, tunapima gramu zinazotoka kwa dakika 10; namba ikiwa kubwa, plastiki ni nyepesi kutiririka. Ya kupulizia madumu mara nyingi haifiki hata 1. Ya mabeseni inaweza kuwa 8, hata 20. Wewe simama tu mbele ya mashine utazame lile bomba laini la plastiki ya moto linaposhuka kabla ya kupulizwa. Likijivuta lenyewe likawa jembamba juu, lina mabeseni ndani. Mabega yatakuwa karatasi, kitako kinene, na mzani utasoma 900 ile ile. Kwa kupandisha joto umelilegeza zaidi.

Mpulizaji wa Mbagala
Dada asante sana. Nimefanya asubuhi, vipande 50 kutoka juu ya gunia: 9 vimeelea, karibu vyote vya bluu. Viwili vimesimama katikati ya glasi kama vinafikiria. Bomba kweli linajivuta, nimerudisha joto 180. Muuzaji nimempelekea glasi yenyewe mezani. Kanyamaza, kisha akaniuliza spiriti nimenunua wapi.

Mama Punje
😂 Hivyo viwili achana navyo, huenda ni LDPE, ile plastiki laini ya mifuko, au PP iliyochanganywa chokaa. Ila chota na katikati na chini ya gunia, juu ndiko wanakopamba. Dumu jipya usiliangushe siku hiyo hiyo, lipe saa 24 likomae, kisha jaza maji, funga, liangushe kwa kitako na kwa kona. Na kabla hujatuma tena Njombe, kata ukanda wa vidole viwili hapo kwenye kitako, ulaze kwenye friza usiku, asubuhi ukunje ukiwa bado na barafu. Ukisikia "ka!", gunia lirudi kwa mwenyewe.