Kuwakinga wazee wetu bila kuwatenga wakati wa janga

Ndugu zangu,

Wakati wa UVIKO-19 nilikuwa nikimpigia mama simu kila jioni kutoka huku ugenini, na kila jioni maswali yalikuwa yaleyale: umemeza dawa, umepima joto, nani ameingia ndani leo. Siku moja alinijibu yote, akanyamaza, kisha akaniuliza kama sina jingine la kuzungumza naye. Swali hilo halijanitoka hadi leo. Ugonjwa ule uliwaua wazee zaidi kuliko vijana, hivyo kuwakinga kulikuwa lazima; lakini Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilianza kusema “umbali wa kimwili” badala ya “umbali wa kijamii”, kwa kuwa kilichotakiwa ni miili kukaa mbalimbali, wala si watu kutupana. Wenzangu mlifanyaje?

Dada yangu, pole sana.

Baba ni mzito wa kusikia, na barakoa zilipoanza kuvaliwa ndipo tulipogundua kwamba miaka yote alikuwa akisoma midomo yetu, maana sasa aliitikia “ndiyo, ndiyo” bila kuelewa neno. Simu ya video ilimfaa, mradi taa iwe mbele ya anayezungumza, si mgongoni kwake, na watu wasizungumze kwa pamoja. Hata hivyo, kilichomchangamsha hasa ni kupewa kazi. Binti yangu alimwomba amsimulie ukoo wetu kila Jumamosi ili auandike daftarini, na baba akawa anajiandaa wiki nzima, akiwapigia wadogo zake kuulizia majina yaliyomtoka, hata wale ambao hawakuwa wamesemezana kwa muda mrefu. Mzee anayeulizwa dawa tu hujiona mgonjwa hata akiwa mzima.

Kuhusu kipimajoto, wapo wazee walioambukizwa wasipate homa kabisa, na dalili yao ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa ghafla: kusahau siku, kurudia swali, kumwita mtoto kwa jina la mwingine. Hilo hulioni katika mazungumzo ya dakika mbili, ila ukizoea kuongea naye kwa kirefu utalitambua mapema, na hapo asisubiriwe hadi kesho, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Mpigie mama leo, umwombe akusimulie jambo ambalo hujawahi kumuuliza.