Naombeni ushauri: kiboksi kinaruka kwenye React (maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa za wavuti)

Wakuu habari zenu, nimekwama tangu jana. Nina kiboksi cha maelezo kinatakiwa kitokee juu ya batani mtu akiibonyeza, urefu wake napima na getBoundingClientRect (inatoa vipimo vya kitu na mahali kilipo) ndani ya useEffect (code inayokimbia kwa kawaida baada ya skrini kuchorwa), sasa kinatokea kwanza kona ya juu kushoto alafu ndo kinaruka kwenda mahali pake, yaani kinakera. Nikaweka setTimeout (ya kuchelewesha code) ya milisekunde 50, ndo kwanza kikazidi. Nimehamia useLayoutEffect (yenyewe inakimbia kabla skrini haijachorwa), kuruka kumeisha ila kikiwa na picha ndani kinaifunika batani, nahisi napima kabla picha haijamaliza kupakuliwa. Je niweke ResizeObserver (inatoa taarifa ukubwa wa kitu ukibadilika) ili nipime upya, au nikiipa picha upana na urefu mapema inatosha? Na fonti ikichelewa kuja je?