Naomba ushauri: kupolishi rangi ya gari kwa mashine nyumbani

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Tabora mjini. Nina Toyota Corolla nyeusi ambayo, kutokana na kufutwa vumbi kwa tambara kavu miaka mingi, imejaa mikwaruzo myembamba ya duara inayoonekana wazi jua linapopiga boneti, nami nataka kuiondoa mwenyewe kwa mashine. Nimeelewa kwamba mashine ya kuzunguka tu hufanya kazi haraka lakini huweza kuunguza rangi, hasa kwenye kingo, ilhali ile inayozunguka huku ikiyumba ni salama zaidi kwa anayeanza.

Kinachonitia hofu ni kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi: mara nyingi unene wake ni maikroni (elfu moja za milimita) 40 hadi 50 tu, na likiisha halirudi ila kwa kupiga rangi upya. Je, nianze na sponji laini na polishi nyepesi kwenye kipande kidogo cha boneti, kabla ya kugusa kompaundi, yaani ile polishi kali inayokwangua zaidi? Na kiangazi hiki, vumbi likipeperuka kila saa, mnazuiaje chembe zisinase kwenye sponji na kuongeza mikwaruzo? Gereji sina, nina kivuli cha mwembe tu, nao hudondosha utomvu.