Adui wa barafu kwenye Batman ya 1992: uso hausogei kabisa, ni kubana bajeti au makusudi?

Kijana wa Igogo
Wakuu habari za jioni. Jumapili mvua ilipiga kutwa nzima nikakaa na mtoto wa dada yangu tukaangalia zile katuni za zamani za Batman, mi niliziona utotoni kibandani huku Igogo, Mwanza, ila kipindi kile lugha ilikuwa haipandi, tunajua stelingi na adui basi. Tukafika kwa Mr. Freeze. Stori imenikamata aisee, mwanasayansi mkewe Nora anaumwa ugonjwa hauna dawa, akamgandisha ili apate muda wa kutafuta tiba, bosi wa kampuni akaona hela inaliwa akaja kuzima mitambo, jamaa alivyojaribu kuzuia akapigwa teke akaangukia kwenye kemikali, toka siku hiyo mwili wake hauwezi kuishi nje ya baridi. Hapo naamini kila kitu. Shida ni uchoraji, uso umekaa tu, macho ni miwani nyekundu, sauti ileile mwanzo mwisho. Mtoto kaniuliza mjomba mbona huyu hana hasira na anataka kumuua yule bosi? Nikakosa jibu.

Penseli Nyegezi
Makusudi kabisa mkuu. Mimi najifundisha animesheni mwenyewe kwa hiyo nakuelewa unachokiona. Sekunde moja ina fremu (picha) 24, kwa kawaida mchoro mmoja unakaa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde ya kila kitu kinachotembea, ni kazi ya kuumiza mgongo. Af kazi yenyewe walikuwa wanaigawa kwa studio tofauti za Asia, Japani na Korea, ndo maana ukiangalia episodi mbili mfululizo unaona kidevu cha Batman kimebadilika, hapo uko sahihi ni kasoro. Ila Freeze hapana. Kamchora Mike Mignola, aliyeongoza episodi ni Bruce Timm, sauti ni ya Michael Ansara na ile sauti kavu ndo waliyoitaka. Angalia pia mandhari, walikuwa wanachora juu ya karatasi nyeusi, mwanga ndo unaongezwa, kwa hiyo mtu mweupe vile asiyesogea katikati ya giza lazima umtazame yeye tu.

Barafu Kirumba
Ngoja niongee mimi ambaye barafu ndo ugali wangu, nina miaka kibao napakia barafu za mitumbwi inayofuata sangara visiwani. Ukishinda kwenye chumba cha baridi masaa manne ukitoka mdomo mzito, mashavu hayachezi, unaongea maneno machache na sauti haipandi hata kama umekasirika vipi, mke wangu alikuwa anadhani nimemnunia. Kwa hiyo mwambie mpwa wako hasira ipo, imeganda. Mimi nilivyomuona yule jamaa nilimuamini kabla hajasema mkewe anaumwa.

Dada wa Ukerewe
Mi naomba kupinga kidogo. Huzuni yake naiamini, ila kuna mahali mtu wake mwenyewe anagandishwa miguu na Freeze anamuacha palepale anaondoka, Batman ndo anambeba. Mtu anayejua uchungu wa kuachwa na bosi anafanyaje vile kwa mtu wake? Au ndo walitaka tuone ameshakuwa kama yuleyule bosi, sijui nyie mnaonaje. Kilichonifurahisha ni mwisho wa pambano, Batman ana mafua, ametoka na supu ya kuku kwenye chupa ya chai, ndo anaimwaga kwenye kile kioo anachovaa Freeze kichwani kinapasuka. Hiyo ni kweli tupu, mimina maji ya moto kwenye glasi iliyotoka friza uone. Kilichoniudhi ni toleo la 1997, wamemfanya kichwa kitupu kinatembea na miguu ya chuma kama buibui, kwa nini jamani?

Kijana wa Igogo
Barafu Kirumba asante sana, nimemsomea mtoto ulichoandika. Akataka turudie ile ya mwisho, Freeze yuko selo ameshika kile kidude cha kioo chenye mwanasesere anacheza dansi ndani, akaangalia kimya mpaka majina yakaanza kupita, af akasema mjomba, midomo haichezi lakini anaongea na mkewe.

Penseli Nyegezi
Huyo mtoto mnunulie penseli.