Tupeane uzoefu: mhusika uliyemhukumu vibaya darasani, ukaja kumwelewa ukubwani

Baba Wawili

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimemnyang'anya binti yangu simu. Yuko kidato cha pili, kaja likizo. Nilichokikuta ni ujumbe wa kijana, neno moja tu: "Umekula?" Nikafoka mpaka jirani akapunguza redio asikilize vizuri. Simu nikaifungia kabatini.

Usiku huohuo natafuta risiti ya kodi kwenye boksi la makaratasi, nikakutana na daftari langu la fasihi. Mwalimu wetu alikuwa ametusomesha Rosa Mistika ya Kezilahabi, nje kabisa ya vitabu vya mtihani, nakala mbili darasa zima. Nimeandika kwa mwandiko mzuri: "Zakaria ni mlevi, mkali kupita kiasi, anamfungia binti yake mpaka anaharibika. Anawakilisha wazazi wasiofaa katika jamii." Vema nyekundu, saba kwa kumi.

Nikamkumbuka alivyoikuta barua ya kijana Charles kwa binti yake, na kichapo alichompa huyo binti, Rosa. Mtoto amekua hajawahi kuongea na mwanamume bila kutetemeka, halafu akaenda kusoma mbali na macho ya baba. Yaliyofuata mnayajua waliosoma. Zamani Zakaria nilimchukia bila shida. Juzi nilimwona kwenye kioo cha kabati, kashika ufunguo.

Nani mwingine yamemkuta? Mhusika yeyote, kitabu chochote cha zamani. Tusiletee ya kwenye mwongozo, lete yako.

Ticha Kishikwambi

Wangu ni Ngoswe. Tamthilia ya Semzaba nimeifundisha miaka tisa, na kila mwaka nawaandikisha watoto yaleyale: mzembe, mlevi, katumwa na serikali kuhesabu watu yeye kaangukia kwa Mazoea, karatasi za sensa zikaishia motoni. Dhamira: penzi na uwajibikaji. Tuendelee.

Agosti 2022 nikawa karani wa sensa. Nikapewa kishikwambi, kizibao na kitongoji ambacho nyumba na nyumba ni nusu saa kwa miguu, katikati ya mihogo. Siku ya tatu, saa nane mchana, mzee mmoja ananiuliza serikali inataka nini na choo chake wakati daraja limekatika tangu masika. Sina jibu. Akanionea huruma, akanikalisha chini ya mwembe, likaja kopo la togwa, kikaja kigoda, binti wa pale akaleta maji ya kunawa. Upepo unapita. Wakuu, sikufanya lolote baya, ila niliondoka pale saa kumi na moja na kaya nne sijazigusa. Nilikuwa nawaambia wanafunzi uzembe wa Ngoswe ulianza na penzi. Mimi wangu ulianza na kivuli.

Kilichoniokoa ni kwamba msimamizi anaona umefikia wapi. Ngoswe alikuwa na karatasi na dhamiri yake tu. Vishikwambi vile baadaye tukagawiwa walimu, kwa hiyo siku hizi namfundisha Ngoswe kwa kifaa ambacho kingemponya.

Bint Regina

Baba Wawili, pole, lakini usimsafishe Zakaria kwa sababu umejikuta ndani yake. Kumwelewa sawa. Mimi nimelelewa na wa aina hiyo, na nilipokisoma kitabu sikuhitaji mwongozo, nilihitaji kufunga mlango.

Kile kitabu kilitoka 1971 na kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, eti kitawaharibu wasichana. Mawazo yangu mimi: wenye hofu walikuwa akina baba, kusomwa na mabinti zao. Halafu mnamsahau Regina, mama yake Rosa. Jina nimelichukua kwake. Darasani alipewa mstari mmoja: "mke mvumilivu". Mrudishie mtoto simu.

Babu wa Tandika

Mimi ni wa zamani kidogo. Nimesoma Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1969. Enzi zile za Azimio la Arusha uhakiki ulikuwa mwepesi: Shylock mkopeshaji ni bepari, mnyonyaji, kwisha. Hakuna aliyeuliza mbona jina la kitabu linasema mabepari, wengi. Mwalimu angeweza kuandika "mfanyabiashara" na asingekosea. Akawatia wote kapu moja, na Antonio mpole mwenye merikebu zake baharini yumo.

Mwaka jana mke wangu alichukua mkopo, hii tunayoiita kausha damu. Laki tatu, ya kuongezea mtaji wa genge, marejesho kila siku. Akaugua wiki mbili. Wakaja vijana wanne na guta, wakabeba friji lina maziwa ya watu ndani, maji yanadondoka kuanzia sebuleni mpaka barabarani. Nikaomba mkataba. Nimevaa miwani, nasoma mstari kwa mstari, namtafuta Portia wangu, yule aliyemshinda Shylock kwa maneno ya mkataba wake mwenyewe: nyama chukua ratili yako, damu haikuandikwa humu. Sikupata pa kushika. Aliyeuandika mkataba ule nadhani naye alisoma kitabu kilekile.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Kwa hasira nilimtukania mmoja wao kabila lake, mbele ya watu. Kijana hakujibu, akashika upande wake wa friji akanyanyua. Usiku ndipo nikakumbuka kwamba Antonio alimtemea Shylock mate na kumwita mbwa kwa sababu ya Uyahudi wake, tena muda mrefu kabla ya zile dukati elfu tatu alizokuja kumkopa. Darasani tulipaharakisha pale, kulikuwa hakuna ubepari wa kujadili.

Mkaragwe 254

Shikamoo babu. Hiyo ya friji imeniuma.

Huku Kenya sisi tulitahiniwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Karatasi ya tatu, dondoo, eleza muktadha, taja sifa. Kila mtu alikariri Bwana Maksuudi: katili, mnafiki, fisadi, alama zako unachukua unaenda. Siku ya mtihani wa majaribio wakaleta "umuhimu wa Biti Kocho", nikatoa macho. Mtumishi wa nyumba? Nikaandika "anaendeleza ploti". Nikapata mbili kwa sita.

Mapema 2017, madaktari wako kwa mgomo, mke wangu akashikwa na uchungu usiku na mimi niko safarini Eldoret. Msichana wetu wa kazi, hata miezi mitatu hajamaliza kwetu, alitoka na slipa akagonga milango ya ploti nzima hadi akapata nesi, orofa ya nne. Mwanangu yuko shuleni sasa. Kurudi nyumbani nikamkumbuka Biti Kocho, aliyemwendea mkunga Bi Farashuu wakati Tamima, mke wa Maksuudi, analemewa na uzazi, akijua fika Maksuudi hamtaki mwanamke yule ndani ya nyumba yake. Kuendeleza ploti!

Mzaramo Mtaratibu

Fupi. Kwenye Adili na Nduguze ya Shaaban Robert hatukuhangaika kutafuta sifa, zimo kwenye kitambulisho cha mhusika: Adili, Hasidi, Mwivu. Ticha akasema wahusika bapa, yaani wa sifa moja wasiobadilika, nikaandika bapa.

Lakini Adili anawachapa ndugu zake waliogeuzwa manyani, kila usiku, huku analia, akimaliza anawalisha chakula kizuri. Nina kaka anayekunywa. Kila mwisho wa mwezi namfokea mbele ya wanawe, nikifika stendi namtumia elfu kumi kwa simu. Bapa ni mimi niliyeandika.

Ummu Swafiya

Asalaam aleikum. Niko Lamu.

Chuo kikuu tuliulizwa kama Mwana Kupona, katika utenzi wake wa kumuusia binti yake, anamtetea mwanamke au anamkandamiza. Nikamwaga kurasa nane za hasira: mume apapaswe, apepewe, asiamshwe usingizini. Mhadhiri alifurahi mno.

Miaka kumi baadaye mama akaugua, nikahamia chumbani mwake. Usiku mmoja akanambia sogea, chukua kalamu. Nani anamdai, nani anadaiwa, kanga gani apewe shangazi, ufunguo wa kasha uko wapi. Alikuwa akitaja kitu kimoja, anapumua, anataja cha pili. Nimefika katikati ya karatasi mkono ukasimama. Utenzi ule unaanza hivihivi: binti, njoo karibu, maradhi yamenishika hata mwaka umetimia, leta wino na karatasi. Ni mwaka 1858, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, na yapata miaka miwili baadaye alifariki. Nilikuwa nimehakiki wosia mzima nisimwone mgonjwa aliyelala pale.

Mengi ya mume bado siyakubali, na mama yangu mwenyewe hakuwahi kumpepea baba hata siku moja. Ila siku hizi nikimsoma simtazami Mwana Kupona. Namtazama Mwana Hashima, binti yake, aliyeambiwa aketi na kusikiliza. Katika mtihani hakuna aliyetuuliza habari zake.

Ticha Kishikwambi

Ummu Swafiya, hii naiiba naipeleka darasani Jumatatu. Mama yupo?

Ummu Swafiya

Kashatangulia, Mungu amrehemu. Karatasi ninayo. Ichukue hadithi, jina langu usitaje.

Baba Wawili

Nimewasoma wote. Bint Regina, umenichapa na nimekubali.

Mrejesho: jana nilikitafuta kitabu, nikakipata mtaani kwa wauza vitabu chakavu, jalada limeliwa. Nikakiacha mezani bila kusema kitu. Leo asubuhi nimekikuta palepale, ila pembe ya ukurasa imekunjwa, na ni pale kwenye ile barua.

Bint Regina

Amekunja kwa ajili yake au kwa ajili yako?

Baba Wawili

Sijamuuliza. Simu nimemrudishia. Jioni kanipakulia chakula, akaniuliza, "Baba, umekula?" nikashindwa kujua nicheke au vipi.