Naombeni ushauri: tumerithi shamba, kumbe baba alimdhulumu mjane wa ndugu yake. Biblia inasemaje kwa sisi tuliolipokea?

Mrithi_Mdogo
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri wa watu wanaolijua Neno, na mniambie ukweli hata kama unauma.

Baba yetu alifariki tukagawana mali vizuri tu, mimi, kaka yangu mkubwa na dada zetu, hakuna aliyegombana na mwenzie. Baadaye nikawa napanga makaratasi ya marehemu nikakuta karatasi ya babu, mwandiko wake mwenyewe, inasema lile shamba kubwa ni la wanawe wawili sawa kwa sawa, baba na baba mdogo. Baba mdogo alikufa mapema akaacha mjane na watoto wadogo. Sasa kuna karatasi nyingine imebanwa na hiyo kwa pini, inasema mjane "ameridhia kwa hiari yake" kuachia upande wote wa mumewe, na amesaini kwa dole gumba. Wakuu, mama mdogo anajua kusoma na kuandika, amekuwa katibu wa akina mama kanisani miaka yote, mimi mwenyewe nimemuona anaandika kumbukumbu za vikao kwa kalamu, hilo dole gumba limetoka wapi? Na mashahidi wawili waliosaini wote walikuwa vibarua wa baba.

Tangu tugawane mambo hayaendi. Biashara ya kaka imekufa, dada anaumwa haeleweki, mimi kazi imeisha. Tukaenda kwa mtumishi mmoja akasema ni kilio cha mjane, tutoe sadaka nzito ya kukata laana na kila kitu kitafunguka. Kaka kakubali fasta, anasema tutoe sadaka yaishe, shamba libaki. Mimi moyo unagoma. Je haya ni adhabu ya Mungu kweli? Sadaka inatosha? Na nikilifukua hili si nitakuwa namvunjia heshima baba yangu kaburini, wakati amri inasema waheshimu baba na mama yako?

Shemasi_Mstaafu
Pole kwa msiba mdogo wangu. Sadaka haitoshi. Soma Walawi 6 mwanzoni pale, aliyechukua cha mwenzie kwa dhuluma anarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, anampa mwenye mali, NDIPO anakwenda kwa kuhani na sadaka ya hatia. Huyo mtumishi kawapeleka hatua ya mwisho kaziruka za mwanzo. Na Yesu kwenye Mathayo 5:23-24 kasema hivyo hivyo, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako.

BintiSelofehadi
Nimesoma hiyo habari ya dole gumba nikaenda moja kwa moja 1 Wafalme 21, naomba uisome taratibu. Watu wengi wanadhani mfalme Ahabu alimpora Nabothi shamba lake la mizabibu kwa mabavu, hapana, Nabothi aliporwa kwa makaratasi. Yezebeli, mke wa Ahabu, aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akawapelekea wazee wa mji, wakatangaza mfungo kabisa ionekane ni jambo la kiroho, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Kwenye faili kila kitu kilikuwa safi, kuna muhuri, mashahidi, kikao cha wazee. Na nabii Eliya anapotumwa haulizi makaratasi, anauliza "Je! Umeua, ukatamalaki?"

Halafu angalia mwisho wake maana hapo ndipo swali lako lilipo. Ahabu aliposikia hukumu alirarua nguo, akavaa magunia, akafunga, Mungu mwenyewe akamwambia Eliya umeona alivyojinyenyekeza? Akaahirisha mabaya mpaka siku za mwanawe. Ila hakuna mstari unaosema Ahabu alirudisha shamba kwa nyumba ya Nabothi. Alilia, akafunga, shamba likabaki. Ukienda 2 Wafalme 9 unamkuta mwanawe Yoramu kapigwa mshale na Yehu na maiti yake inatupwa kwenye kiwanja kile kile cha Nabothi. Toba ya machozi mali ikiwa bado mkononi ndiyo hiyo anayoitaka kaka yako.

Mchambuzi_wa_Neno
Naomba nitofautiane kidogo na upepo unapoelekea. Sisemi msirudishe, rudisheni. Ila hili la kusema biashara imekufa kwa sababu ya shamba, nani kawaambia? Rafiki zake Ayubu walikuwa na uhakika huo huo na Mungu akawakemea. Kwenye Luka 13 Yesu anataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu akauliza, mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote? Akasema sivyo. Dada yako anaumwa, apelekwe hospitali afanyiwe vipimo, mkimwambia ni laana ya shamba mnamwongezea mzigo ambao huenda si wake kabisa.

Na geuza upande wa pili. Je mambo yangekuwa yananyooka, biashara inapanda, dada mzima, mngelirudisha? Asafu kwenye Zaburi 73 alitaka kukata tamaa kwa kuona wadhalimu wananenepa wala hawapati taabu. Mhubiri 8:11 inasema kwa kuwa hukumu haitekelezwi upesi watu wanajitia moyo kutenda mabaya. Baba yenu aliishi na lile shamba mpaka uzee bila radi kumpiga, haikuwa halali kwa sababu hiyo. Ukirudisha ili kazi ipatikane, siku ukikaa bila kazi tena utaona Mungu kakudanganya. Rudisha kwa sababu ni cha mama mdogo.

Kaka_wa_Wengi
Mbona mnamkaanga kijana? Ezekieli 18:20 iko wazi, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Dhambi ni ya marehemu, kaenda nayo. Nyie mlipokea urithi kwa nia njema, fukuafukua ya makaburi haina faida, familia itavunjika bure.

BintiSelofehadi
Ndugu yangu @Kaka_wa_Wengi, anza mstari wa 14. Mwana anayeokoka pale ni yule ALIYEZIONA dhambi za babaye, akaogopa, asifanye mfano wa hizo, na Ezekieli anataja kabisa kwamba hakudhulumu mtu wala hakunyang'anya. Mrithi hakuwa na hatia alipokuwa hajui. Sasa ameziona karatasi. Kuanzia leo akivuna kile kipande anavuna mwenyewe.

Na hiyo ya kumheshimu baba, Yeremia 22 Mungu anamsema mfalme Yehoyakimu aliyejenga nyumba yake kwa dhuluma akiwatumikisha watu bila ujira, anamkumbusha kwamba baba yake alitenda haki. Kwa hiyo heshima kwa mzazi ni kutenda haki, si kulinda dhuluma. Unamheshimu mzazi kwa kutolibeba deni lake mpaka kwa wajukuu zake.

Mama_Wawili
Mimi ni mjane naomba niongee kama mjane. Shemeji zangu walinifanyia karibu na hayo, kwa hiyo hili naliandika kwa uchungu. Kutoka 22:22 mpaka 24 Mungu anasema msimtese mjane wala yatima, akinililia nitasikia kilio chake, na ghadhabu anayoitaja baada ya hapo inatisha, wake zenu watakuwa wajane na watoto wenu yatima. Hiyo sikutajii nikutishe, nakutajia ujue Mungu anaichukulia hii kesi binafsi. Mithali 23 nayo inasema usiingie mashamba ya yatima maana mkombozi wao ni hodari, atawatetea juu yako.

Ila nakuomba sana jinsi ya kwenda. Msiende kundi zima na mchungaji na maombi marefu, mama wa watu atajikuta anasema "nimesamehe yameisha" kwa aibu ya wageni na nyie mtarudi na shamba lenu mnamshukuru Mungu. Nenda wewe na karatasi zote mbili, umpe azisome mwenyewe. Usimwambie "tunakupa", mwambie "hiki ni chako". Usimuombe msamaha kwanza ndio arudishiwe, arudishiwe kwanza, msamaha atautoa siku akiwa tayari, na asipoutoa shamba bado ni lake. Na umuulize alisomeshaje wale watoto, usikilize mpaka mwisho, usimkatize kumtetea marehemu.

Mrithi_Mdogo
Asanteni sana wakuu, Mama_Wawili umeniliza. Nimeongea na kaka, kagoma. Anasema nikitaka kujifanya Zakayo nijifanye na fungu langu. Dada mmoja yuko upande wangu, mwingine anaogopa. Nimlazimishe kaka? Niende mahakamani dhidi ya ndugu yangu wa damu?

Shemasi_Mstaafu
Kaka yako kakupa jibu bila kujua. Zakayo hakungoja watoza ushuru wenzake wakubali, alisema MIMI narudisha mara nne. Wewe na dada yako anzeni na mafungu yenu.

Mtu mmoja alimwendea Yesu, Luka 12, akasema mwambie ndugu yangu tugawane urithi, Yesu akakataa kuwa mgawanyi akasema jilindeni na choyo. Kwa hiyo usiende kwa kaka kwa hasira ya haki. Mweleze ukishamaliza wewe.

Ila kimya nacho usikae. Mama mdogo ana haki ya kujua karatasi ya babu ipo, na akitaka kwenda mahakamani kudai upande uliobaki ni uamuzi wake na wanawe, wewe usimzuie wala usifiche karatasi. Ukiificha kumlinda kaka umekuwa shahidi wa tatu kwenye ile karatasi ya dole gumba.

Mchambuzi_wa_Neno
Naongezea ya kiutendaji. Piga picha karatasi zote mbili leo, nakala moja aishike dada yako, maana karatasi kama hizi huwa zinapotea familia ikigawanyika. Usiuze wala usikodishe fungu lako kwa sasa. Tafuteni mwanasheria aandike makabidhiano rasmi, mpima aonyeshe mpaka, jina libadilishwe kwenye hati. Nehemia 5 wale matajiri walipoahidi kurudisha mashamba hakutosheka na ahadi, aliwaita makuhani akawaapisha. Na mavuno uliyokula tangu mgawane piga hesabu yake kwa uaminifu, ongeza ile sehemu ya tano, kama huna sasa hivi kwa kuwa huna kazi mwambie mama mdogo ukweli na mwandikiane utalipa lini.